Sentimita Sabini

Alikoroga mara ya saba, na mara ya saba jibu likawa lile lile. Ile mashine yake ya kuhesabia, ya chuma, yenye mkono wa kuzungusha kama kinu cha kusagia nyama, ililia kengele yake ndogo, na Owino akaandika tarakimu zile zile chini ya zile sita za kwanza. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, akanigeukia. Mimi nilikuwa mbele ya kompyuta mpya, mikono mapajani kama mgeni wa posa.

"Koki," akasema, "wewe umepata ngapi?"

Nikamsomea. Tulipishana kwa sentimita sabini.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na moja, mtaani Baba Dogo, ghorofani juu ya karakana ya vyuma, katika ofisi ya mpimaji ardhi aliyeitwa Bwana Mulama. Vijana wa uwanjani walituletea vitabu vyao vimejaa vumbi na vipimo vya pembe, nasi tukavigeuza kuwa kona za ploti, ili mwenye ploti ajue pa kuchimbia jiwe la mpaka. Sheria ya chumba chetu ilikuwa moja tu. Kila kona ihesabiwe na watu wawili, kila mtu kwa kitabu chake, bila kuchunguliana. Tulikaa tumepeana migongo. Tukimaliza, tunasomeana kwa sauti, na majibu yakilingana tunatia sahihi mbili. Miaka sita nilimpa Owino mgongo wangu, na sijawahi kumwamini mtu kama nilivyouamini mgongo ule.

Ni yeye aliyenifundisha kazi. Nilifika pale kupiga taipu, mama wa watoto wawili, Mativo na mdogo wake, ambaye mumewe alikwenda Mombasa kwa wiki mbili akasahau njia ya kurudi. Siku moja Owino alisimama kando ya meza yangu, akaniuliza jioni ninawapikia watoto nini. Nikamwambia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, sahani moja, wagawane.

"Na hawapigani?"

"Hawapigani, mzee. Nawagawia sawasawa."

"Basi wewe unajua hesabu," akasema, akaenda kumwambia Mulama anihamishe. Toka siku hiyo nikamwita Baba Kezia, kama alivyoitwa na majirani kule mtaa wa Tena, tulikoishi sote.

Alipenda kunisimulia alikotoka. Alianza kazi reli, enzi za vitabu vya logi, yale majedwali ya kurahisishia hesabu, makarani wanane chumba kimoja, kila mmoja na kidole chake kikitembea kwenye safu za tarakimu. Ikaja mashine ya kukoroga, wakabaki wanne. Ikaja ya umeme, wakabaki wawili. "Kila mara nilibaki mimi," alisema, na sauti yake haikuwa na majivuno hata chembe. "Sijui kwa nini. Walikuwepo walionishinda kwa kasi." Alikuwa akiwataja kwa majina, wale sita walioondoka, mmoja mmoja, kama mtu anayeombea wagonjwa.

Kompyuta ilipokuja, Mulama alitwambia waziwazi kwamba mtu mmoja angetosha. Mimi nilipelekwa mjini wiki mbili kujifunza. Owino alikataa, akasema ana miaka hamsini na minne na hana mpango wa kurudi chekechea. Loo, ukaidi wa mzee yule! Mulama akacheka, lakini akampa nafasi. Tuhesabu kona moja ya ploti ya kule Njiru, Owino kwa mashine yake, mimi kwa yangu. Tukilingana, mzee atabaki kuikagua kompyuta. Tusipolingana, basi.

Hatukulingana. Mulama alitazama karatasi zetu mbili, wala hakuuliza swali. "Hii haichoki, mzee," akasema, akiipapasa kompyuta kichwani kama mtoto mwema. "Ijumaa tutaagana."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Alhamisi, nikipanga makaratasi, niliuona mwandiko wangu mwenyewe, na kosa ndani yake. Sikilizeni, si jambo gumu. Vijana waliandika pembe kwa digrii na dakika, na dakika sitini ndizo digrii moja. Kompyuta haikutaka dakika. Ilitaka nukta. Digrii arobaini na saba na dakika thelathini ni arobaini na saba na nusu, kwa hiyo uandike 47.50. Zile pembe nyingine zote nilizigeuza. Ile moja, ile ya kona yenyewe, niliandika 47.30. Kwa umbali wa mita mia mbili, kosa hilo linaisogeza kona sentimita sabini. Owino alikuwa sahihi mara zote saba. Mashine nayo ilikuwa imehesabu sawasawa upuuzi nilioipa.

Nilikuwa na siku nzima. Msije mkadhani nilichelewa kugundua. Ngazi za kwenda kwa Mulama zilikuwa kumi na nne, nilizipanda hadi ya tisa, nikawaza kiti ni kimoja, nikawaza watoto, nikashuka. Ile karatasi niliichana chooni.

Ijumaa Owino alifunga vitabu vyake vya logi kwenye gazeti. Mlangoni akasimama.

"Koki, wewe ni mwanangu, huwezi kunificha. Nimezeeka? Kichwa kimeanza kuniacha?"

Ningeweza kunyamaza tu. Hata kunyamaza kungekuwa afadhali.

"Umri ni umri, Baba Kezia," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Alinishukuru, jamani.

Miaka mitano niliingia na kutoka nyumbani kwake. Mkewe, Truphena, alinikaangia samaki, nami nikala, nikalamba vidole. Na kila nilipokwenda, nilimkuta Owino amepungua. Si mwili. Kanisa lilipomwomba awapimie msingi wa ukumbi, aliwaambia watafute mtu mwenye akili timamu. Akitumwa dukani, alimpa bintiye Kezia chenji aihakiki. Barua aliisoma mara nne, kisha akaniletea mimi nimwambie kama ameielewa. Mimi!

Kisha Jumapili moja mwaka wa themanini na sita Truphena alinikamata mkono nje ya kanisa. "Mama Mativo, nisaidie. Mwenzangu anataka nimpeleke hospitali ya wagonjwa wa akili. Anasema kichwa kinavuja, wamfungie kabla hajatuumiza."

Sikurudi hata nyumbani kuvua kitambaa cha kichwani. Nilimkuta Owino sebuleni, redio imezimwa, mikono juu ya magoti. Nikapiga magoti sakafuni, nikamwambia yote: pembe ile, nukta ile, karatasi, choo, ngazi.

Akaomba penseli. Nikampa ya kwenye mkoba wangu, akachukua bahasha kuukuu, akaandika. Midomo yake ilisogea. Hakuwa na kitabu cha logi wala mashine yoyote, ni kichwa tu, kile alichotaka kifungiwe. Akapiga mstari chini ya jibu.

"Sabini," akasema. "Kasoro milimita mbili."

"Nisamehe, Baba Kezia."

Sijui kama alinisikia. Alikuwa anaitazama ile bahasha, machozi yanamtoka bila sauti, yanashuka hadi kwenye ndevu, na hakuyafuta. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari anifukuze, hata anipige, ningeshukuru.

"Mama Kezia!" akaita. "Njoo. Njoo usikie."

Truphena akatoka jikoni na mikono yenye unga. Akaniona sakafuni, akamwona mumewe analia, akasimama pale pale.

"Mwambie," Owino akaniambia.

Nikamwambia. Nilipofika kwenye 'umri ni umri', Truphena alishika ukuta. Hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe, kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu kituoni.

Kezia akaingia na ndoo ya maji, akauliza kuna nini.

"Keti, mama," babake akamwambia. Kisha akanigeukia, kwa upole ule ule aliokuwa akinifundishia kazi. "Sema tena, Koki. Polepole, aelewe."

Nikaanza upya.