Damu Isiyo na Ratiba

Wanawake wa rika la Gitel pale Bnei Brak, mji wa Wayahudi washika dini, walisema kukoma hedhi ni kupumzika. Yeye damu yake ilikuja ipendavyo: leo tone, kesho mafuriko, kisha kimya cha kumdanganya. Na kwa sheria yao, mke akiona damu mumewe hamgusi, hata kijiko hampi mkononi, mpaka zipite siku saba safi naye azame kwenye birika la tohara. Tangu Hanuka, sikukuu ya majira ya baridi, hakuwa amezifikisha saba, na sasa Pasaka ilikuwa inabisha hodi.

Pesia, msimamizi wa birika, alimkuta kwa muuza samaki. "Wewe mama, umetususa? Au umepata birika la matajiri?"

"Nimezeeka, Pesia."

"Umezeeka wapi! Mzee ni mimi, na bado nasumbua watu."

Gitel alicheka, akafunga mfuko wake, akalia njia nzima hadi nyumbani. Daktari alikwishamwambia hana ugonjwa, ni umri tu, utapita. Hakusema lini.

Safari hii siku ya saba ilifika. Jioni ile angekwenda kuzama. Alasiri Anshel, mumewe, akaingia, akaketi mezani na koti lake mwilini.

"Zundel amefariki," alisema. Zundel alikuwa mwenzake wa masomo tangu hawajaota ndevu. Anshel akainamisha kichwa, akalia.

Gitel alikimbilia chooni kujikagua kwa mara ya mwisho kabla ya kwenda kuzama. Kwenye kitambaa cheupe palikuwa na doa, dogo kama dengu, jekundu. Halikuwa la shaka hata lipelekwe kwa rabi, mwalimu wa dini, aamue. Alisimama nalo. Angelitupa tu, nani angejua?

Akarudi. "Anshel. Nimeona tena."

Anshel akainua kichwa. "Ungenyamaza, nisingejua."

"Najua."

"Leo, Gitel! Leo ningetamani ungenyamaza." Kisha akajifuta macho. "Hapana. Usinisikilize."

Gitel alimmiminia chai, akaiweka mezani, akarudisha mkono wake. Ndipo Anshel akaichukua. Akamsimulia jinsi Zundel alivyokuwa akilala darasani macho wazi. Gitel alisikiliza ng'ambo ya meza, mikono ameifumbata ndani ya aproni.

Anshel alipoondoka kwenda mazikoni, Gitel alimsikia akishuka ngazi polepole, peke yake. Akaenda kukaa kwenye kiti cha mumewe. Kilikuwa bado na joto. Alikaa hapo mpaka joto lile likaisha.