Kichupa cha Zambarau

Hospitalini walimwita Mbu, kwa kuwa kazi yake maabarani ilikuwa kunyonya watu damu mchana kweupe na kulipwa mshahara. Siku hiyo mgonjwa alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Mimba ya wiki thelathini na moja, presha juu, miguu imevimba mpaka ndala zimegoma.

“Wifi, miguu hii ni yako au umeazima kwa tembo?”

“Nyonya uende zako! Kazi ya mdudu, nawe umeisomea miaka mitatu.”

Wakacheka kwa utulivu unaotakiwa wodini, yaani mpaka muuguzi akawatolea macho. Mbu akajaza kichupa chenye kifuniko cha zambarau, akakilaza kwenye trei huku akitafuta la kujibu.

Nusu saa baadaye mashine ikatoa namba. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa elfu thelathini na nane. Jana zilikuwa laki moja na elfu thelathini.

Daktari aliposomewa kwenye simu hakupoteza maneno. “Presha ya mimba imefika kwenye damu. Mtoto atolewe leo. Andaeni chumba cha upasuaji.”

Kitoto cha kilo moja na nusu. Mama chini ya kisu, na damu isiyokubali kuganda. Mbu akaisoma namba tena. Hapo akakumbuka. Kichupa cha zambarau hupinduliwa taratibu mara nane, dawa iliyomo ya kuzuia kuganda ichanganyike na damu. Tangazo hilo alilibandika ukutani yeye mwenyewe, kwa wino mwekundu, akalipigia mistari miwili. Leo hakupindua hata mara moja. Alikuwa anatunga jibu.

Akachovya kijiti kichupani. Kikatoka na bonge la damu, dogo kama punje ya mtama. Chembe zilinasa humo, mashine haikuziona. Lakini ngapi? Bonge halikusema kwamba wifi yuko salama. Lilisema tu kwamba hakuna anayejua.

“Daktari, kosa ni langu. Naomba nitoe tena.”

“Dakika kumi. Upasuaji unaendelea kuandaliwa.”

Wifi alimpokea kwa mkono ulionyooshwa. “Umerudi? Hukushiba?”

Mbu akachoma sindano. Akajaza, akapindua. Moja. Mbili. Tatu. Midomo ilikuwa inahesabu bila sauti.

“Wifi,” mgonjwa akasema polepole, “mbona huniiti tembo?”

Nne. Tano.

Mashine ikanguruma dakika moja ndefu kuliko muhula mzima. Laki moja na elfu kumi na mbili. Zimeshuka tangu jana, ila hazijaisha.

“Tunasubiri,” daktari akasema. “Aanze dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto. Apimwe tena saa sita kutoka sasa.”

Mbu akarudi wodini, akakiri yote akiangalia sakafu. “Nusura upasuliwe kwa sababu ya utani wangu.”

Wifi aliweka mkono juu ya tumbo. “Na hizo chembe zinaendelea kushuka?”

“Zinashuka.”

“Basi baada ya saa sita uje wewe mwenyewe, asije mwingine. Lakini uhesabu kwa sauti, nisikie.”