Siku Fundi Alipomtetea Ario

Katika kanisa lile, hakuna aliyekabidhiwa kufundisha darasa la ubatizo kabla ya kukaa mbele ya jopo na kuchomoa karatasi kwenye kopo. Karatasi ina jina la mzushi mmoja wa kale. Unamtetea dakika tano kana kwamba umenyonya mafundisho yake, kisha unambomoa dakika tano nyingine. Ukianguka mara tatu, ndiyo basi tena.

Fundi cherehani alikuwa ameshaanguka mara mbili, na aliyemwangusha ni yuleyule Mzee Kanuni, mwenyekiti wa jopo, aliyeamini kwamba mpima viuno hawezi kupima mafundisho. Darasa lile fundi alilitaka kuliko kitu chochote. Alikuwa amesoma historia ya kanisa huku akikunja pindo za suruali za watu, na safari hii alimwambia dada yake, "Leo kitaeleweka."

Akachomoa. Ario.

"Haya, Ario alisemaje?" akauliza Mzee Kanuni, akiitazama saa ya ukutani.

"Usiniulize alisemaje, mzee. Ario ndiye mimi." Akasimama. "Wazee wangu, kati ya baba na mtoto, nani hutangulia? Baba! Basi palikuwa na wakati Mwana hakuwapo. Ni mkuu kuliko malaika wote, sikatai, lakini aliumbwa. Mwenyewe alisema Baba ni mkuu kuliko yeye. Mimi nautetea umoja wa Mungu, ninyi mnamgawa."

"Hapo kweli," Mzee Kanuni akaropoka, akiitikia kwa kichwa. "Mtoto hawezi kulingana na baba. Hata kwangu nyumbani hilo halipo."

Mchungaji, aliyekuwa pembeni akifuta miwani, akaacha kufuta. Miaka ishirini mzee anaangusha wenzake, leo kaingia mzimamzima kwenye uzushi uliokataliwa na maaskofu wa kale kwenye Mtaguso wa Nikea! Fundi alibanwa na kicheko, akakimeza. Kazi ilikuwa bado.

"Sasa namjibu Ario," akasema. "Sisi baba humtangulia mtoto kwa sababu tuna siku za kuzaliwa. Mungu hana. Hapakuwa na wakati ambapo Baba hakuwa na Mwana."

Mzee Kanuni alikuwa ameshagundua alipoteleza, na uso ulimwiva. "Hayo ya vitabuni. Yanamsaidia nini mtu wa kawaida?"

Swali hilohilo ndilo lililomwangusha fundi mara mbili.

"Mume wangu alipolazwa," fundi akasema taratibu, "ndugu wengi walituma. Huyu salamu, yule matunda. Mungu awabariki. Dada yangu alikuja mwenyewe, akalala sakafuni siku tisa. Ario anasema Mungu alibaki kwake, akatuma kiumbe kije kufa. Kanisa likasema hapana, amekuja mwenyewe. Mzee, usiku ule mume wangu anakata roho, mimi salamu zisingenisimamisha."

Mchungaji aliandika neno moja, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Amefaulu!

Mzee Kanuni akamgeukia fundi.

"Darasa linaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu asubuhi, Jumapili."

"Niandike na mimi."

Fundi akajiona mrefu kuliko mlango. "Nakuandika wa kwanza, mzee wangu," akasema. "Ila kwangu hakuna kuchelewa."

"Sawa, mwalimu," akajibu Mzee Kanuni.