Nondo ya Nyuma ya Jiko

Wilondja, mkimbizi kutoka Kongo, alianza kusoma umeme katika madarasa ya jioni pale kambi ya Dzaleka, Malawi, akiwa na wajukuu tayari. Nyumbani alipigilia nondo ya shaba nyuma ya jiko ili ajifunze kazi ya ethi: kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia kabla haujampata mtu. Mwalimu alikuja na mita, akapima, akasifu. Jioni ile Wilondja na mkewe Antoinette walimshukuru Mungu hadi chakula kikapoa.

Mwezi wa kumi akapata siku moja ya majaribio Lilongwe, upande wa Area 25, kwenye kibanda cha umeme wa taa za reli. Jenereta mpya ilishafungwa, ya kuwasha taa hizo umeme wa mji ukikatika. Ilibaki ethi. Mita ikikubali, angebaki na kikosi. Ikikataa, asirudi kesho.

Alipigilia nondo yenye urefu ule ule wa nyumbani. Mita ikakataa.

“Kwetu ilikubali,” akasema.

Msimamizi, mama wa Kimalawi aliyeitwa Mayi Kachale, akacheka. “Bambo, mzee, kwenu kuna mto?”

Wilondja alitaka kusema hakuna. Badala yake akawaza maji, akampigia Antoinette simu nyumbani.

“Mama Divin, maji ya vyombo unamwangaka wapi?”

“Umeenda mpaka Lilongwe njo uniulize vyombo?”

“Nijibu tu, mama.”

“Si pale kwa chuma yako? Asubui na mangaribi. We unaiombea, mi naimwangilia. Nani alijua yenye inasaidia?”

Wilondja akacheka peke yake, na moyo ukamuuma kidogo kwa kumpenda. Kumbe mwalimu alikuwa amesifu maji ya sahani: udongo uliolowa ndio unaopitisha umeme.

Nahayo, kijana wa Burundi aliyekuwa naye kazini, aliisikia simu yote. Akaonyesha pipa kando ya jenereta. “Mzee, maji si haya? Tumwange. Mama msimamizi apime, aende zake.”

Wilondja aliliangalia pipa. Maji yale yangekauka kabla ya Jumapili. Kisha radi za mvua ya kwanza, na fundi ameshika mlango wa chuma wa kibanda. Akafumba macho kidogo, midomo ikicheza kwa sala.

“Mayi, udongo wa juu umekauka,” akasema. “Naomba nondo nyingine niunge juu ya hii, ishuke mpaka kwenye unyevu.”

“Zipo. Lakini ardhi ni ngumu, na jua unaliona.”

“Nitapiga mimi.”

Alipiga nyundo hadi shati likamganda mgongoni. Nahayo akaguna, kisha akampokea nyundo. Nondo iliposhuka yote, Mayi Kachale akapima, akapima tena; mita ikakubali. Akazima swichi ya umeme wa mji pale kibandani, kujaribu jenereta. Jenereta ikakohoa, ikashika, na taa nyekundu ikawaka juu ya reli.

“Zikomo, bambo, asante. Kesho njoo mapema.”

Aliporudi Dzaleka jioni, alimkuta Antoinette amesimama nyuma ya jiko na beseni la maji ya vyombo.

“Sasa nimwange ao nisimwange?”

“Mwanga, mama. Chuma nitaing'oa, niipeleke kule mbele ya nyumba, kwenye udongo wa kukauka, niijaribu bila maji yako.”

“Na kule nani ataimwangilia?”

“Hakuna. Kule nitaishusha chini sana.”

“Na kuomba?”

“Kuomba njo kwanza,” akasema, akampokea beseni.