Alhamisi Aliyekataa Kuondoka Sebuleni

Alhamisi ya tarehe sita Juni, siku iliyoniharibia kila kitu, usiku wa jana niliota amekaa kwenye kochi langu, amevua viatu.

Sikushtuka. Kilichonikera ni viatu, maana kaviweka juu ya mkeka.

"Wewe si ulipita?" nikamuuliza. "Mwaka umeshageuka sasa."

"Nilipita huko nje," akasema Alhamisi. "Humu ndani sijapita. Humu bado ni mimi."

Alikuwa mnene, ana jasho, na mfukoni mwake funguo za gari la wagonjwa zilikuwa zinalia taratibu kama king'ora cha mtoto.

Funguo hizo nazijua. Siku ile mke wangu Mwavita alizidiwa mchana, hapa hapa Ujiji, na gari la wagonjwa lilikuwepo, lina mafuta, lina dereva. Lakini wakubwa walikuwa wamelipeleka likae nyuma ya msafara wa mheshimiwa mmoja aliyekuja kutembea, ili akiugua lisiwe mbali. Mheshimiwa hakuugua. Mwavita akafia sebuleni, kichwa kwenye mapaja yangu, macho kwenye tangi lake la samaki.

"Kwa nini gari halikuja?" nikamuuliza Alhamisi. Nilikuwa nimeingoja sana nafasi hiyo.

"Mimi ni siku tu, baba. Sipangi magari."

"Nani anapanga?"

"Sijui. Hata mimi napangwa."

"Basi vaa viatu vyako uondoke."

"Naondokaje? Siku haiondoki mpaka usiku uingie, tukabidhiane. Ndio utaratibu. Na humu usiku haujaingia tangu nije." Akanyoosha kidole kwenye tangi. "Tazama mwenyewe."

Taa ya tangi inawaka.

Taa hiyo ni ya Mwavita. Alikuwa akifanya kazi kwenye banda la kufungasha samaki wa mapambo, wale wa rangi rangi wanaovuliwa ziwani kwetu Kigoma, na kupandishwa ndege kwenda kukaa kwenye sebule za watu wa mbali. Wenye kasoro walikataliwa, na hao waliokataliwa ndio aliokuja nao nyumbani. Akatafuta tangi la kioo. Akanunua na taa ya LED, ndefu kama rula ya mwalimu, ina vitaa vyekundu, vya bluu na vyeupe. Upande mmoja inamulika samaki, upande wa pili inamulika mrehani wake kwenye kopo, kwa sababu dirisha letu linatazamana na ukuta wa jirani na jua hatulijui. Asubuhi anawasha. Magharibi anazima, anafunika tangi kwa kanga, anaifunga fundo. Alikuwa na mkono wa shoto, fundo lake lilikuwa halifunguki mpaka alifungue mwenyewe.

"Baba Asumini," alikuwa akiniambia, "samaki hana kope. Usipompa usiku wewe, ataupata wapi?"

Siku aliyofariki taa ilikuwa inawaka. Na kwetu sisi chumba cha msiba hakiachwi giza mpaka arobaini. Wazee wakasema iachwe hiyo hiyo. Arobaini ikafika, watu wakala pilau, wakaenda zao, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyeniambia sasa zima. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo. Alikula sahani mbili. Hakusema kitu.

Sasa, ndotoni, taa ikakohoa.

"Baba," ikasema, "nimechoka."

"Nyie hamchoki. Muuzaji alisema mnadumu miaka."

"Kudumu na kuchoka ni vitu viwili. Wewe si umedumu?"



"Mimi nilisomea samaki na mrehani," taa ikaendelea. "Maiti sikusomea. Nimeshika zamu isiyo yangu, sijalalamika, lakini mnipumzishe."

Nikaishika kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi. Ndiyo sifa yao taa hizi, zinawaka bila moto. Muda wote ule nimekaa karibu yake nikidhani inanipasha.

"Na mimi je?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Nageuka, namwona mrehani amekaa mezani, kajifunga kitambaa shingoni, anakula mwanga kwa kijiko. Kijiko cha mwekundu, kijiko cha bluu, kijiko cha mwekundu. Mwanga wa kijani anautemea ukutani.

"Huo huli?" nikauliza.

"Kijani sili. Sisi majani hatuli kijani, tunakirudisha." Akafuta mdomo. "Mzee, kula ni jambo jema, na ninashukuru. Lakini nimekaa mezani tangu mwaka jana. Hujaniruhusu hata kunawa mikono. Shibe gani hii isiyo na kulala?"

Nikataka kumwomba radhi, ila meza ikawa haipo. Sebule imekuwa ukumbi wa mikutano, na ukumbi uko chini ya ziwa. Viti vimepangwa. Vitaa vyekundu vimekaa kushoto, vya bluu kulia, vyeupe vimesimama mlangoni kama askari. Mbele kuna kioo kikubwa, na kioo chote kimeota utando wa kijani unaoteleza, na huo utando umevaa tai.

"Ndugu wananchi," ukasema utando, "kwanza tumshukuru mzee wetu Kilozo kwa kutuachia taa. Bila yeye leo tungekuwa wapi? Tungekuwa wachache sana."

Makofi. Kilozo ni mimi. Nikasimama.

"Mimi sijakupigia kura."

"Kila saa ya mwanga ni kura, mzee. Umetupigia nyingi."

"Basi taa izimwe!"

"Wazo zuri," akasema Mheshimiwa Utando. "Tumelipokea. Tunalifanyia kazi."

"Mtalimaliza lini?"

"Usiku."

"Usiku si ndio haujaingia!"

"Unaona mwenyewe ugumu tulio nao." Akarekebisha tai. "Mzee umesoma mpaka wapi?"

"La nne. Mwalimu alihamishwa, hakuletwa mwingine."

"Suala la mwalimu nalo tunalifanyia kazi."

Ningemrukia. Wallahi ningemkwangua kwa kucha. Lakini hapo hapo Bi Kombo akapita kati yetu, na hasira yote ikanitoka.

Bi Kombo ni samaki wa mwisho Mwavita kumleta nyumbani, mwenye pezi lililopinda. Siku hizi amekonda. Tumbo limeingia ndani na mashavu yametuna, maana kabila lake hulea watoto mdomoni, na mama akiwa nao mdomoni hali. Hata kabla ya kulala jana nilimtazama nikajua hafiki mbali.

"Bi Kombo," nikamwambia, "kwa nini huwaachii?"

Akanitazama. Atajibuje na mdomo umejaa? Akafungua midomo kidogo tu, kama mtu anayefungua mlango kuona ni nani, na ndani yake macho madogo madogo mengi yakanitazama na mimi.

"Anangoja giza," ikasema taa, kwa aibu. "Kwenye mwanga huu akiwatema wanawe, wenzake watawala wote."

"Na asipolipata hilo giza?"

"Atawameza. Au atakufa nao mdomoni."

Nikaondoka mkutanoni bila kuaga. Nikafuata mlango. Ulikuwa mlango wangu wa mbele, ule wa bati wenye kutu, umesimama peke yake katikati ya maji. Nikaufungua.

Nje, barazani, Usiku amesimama na begi lake. Mwanamke mrefu, miguu mitupu, anatetemeka.

"Hodi," akasema.

"Karibu. Umefika lini?"

"Tangu arobaini nipo hapa. Nabisha."

"Mbona sikusikia?"

"Nabisha polepole. Mkeo alinionya, eti una usingizi mwepesi, nikikuamsha vibaya unakuwa mkali."

Nikamsogelea. "Umemwona Mwavita?"

"Yuko kwangu, hajambo. Kasema nikufikishie ahsante ya taa. Njiani ilimfaa sana, alikuwa akigeuka nyuma anaiona." Usiku akaweka begi chini. "Lakini alishafika, baba. Zamani. Sasa wewe unammulikia nani?"

Nikaanza kumweleza habari za gari la wagonjwa. Nilimweleza zote. Msafara, mheshimiwa, dereva, simu niliyopiga ikapokelewa na mtu anayetafuna. Nikamweleza na ya mwenyekiti na sahani mbili. Usiku akasikiliza mpaka mwisho, na hakusema analifanyia kazi.

Akasema, "Pole sana."

Basi. Neno hilo hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kuniambia. Nililia barazani, nalia na kushukuru, na machozi yakawa yanapanda juu, maana tulikuwa bado chini ya ziwa.

"Sasa nitafutie cha kujifunika," akasema. "Nimesimama sana nje."

Kanga ya Mwavita naiweka chini ya mto wangu, nailalia. Nikanyoosha mkono na mto ukawa pale pale barazani. Nikamkabidhi. Akajifunika, akaingia.

Alhamisi alipomwona akainuka kwenye kochi haraka, anatafuta viatu. Wakatazamana. Kila mmoja anangoja mwenzake aamkie.

"Mimi ndiye mkubwa," akasema Alhamisi. "Mchana huanza."

"Nani kakudanganya? Nilikuwepo kabla jua halijazaliwa."

Alhamisi akafikiri. "Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekaa sana. Nenda kapumzike."

Akavaa viatu. Mlangoni akanigeukia. "Ahsante kwa kunikalisha, baba. Siku nyingi zinapita tu, hakuna anayeziambia karibu."

Nilikuwa na matusi niliyomwekea mwaka mzima, nimeyapanga vizuri. Nikafungua kinywa, kikatoka kitu kingine.

"Asubuhi yako ilikuwa nzuri," nikamwambia. "Asubuhi yako nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikainywa yote kwa kiburi, na Mwavita akacheka mpaka akakaa chini. Hiyo nayo ni wewe. Nashukuru."

"Nakumbuka," akasema Alhamisi. "Nilicheka na mimi." Akaenda, na funguo mfukoni mwake zikaacha kulia.

"Mkutano haujafungwa!" akapiga kelele Mheshimiwa Utando. Tai ilikuwa imeanza kumbana.

"Zima sasa," ikasema taa. "Kwa ihsani yako."

Nanyoosha mkono. Swichi iko pale pale ukutani, lakini ukuta unasogea. Umekuwa ukuta wa wodi, umekuwa ukuta wa jirani, umekuwa nyuma ya gari linalokwenda. Mkono unarefuka unaufuata. Bi Kombo ananitazama. Mrehani ameshika kijiko, hali. Kidole kikabakiza unywele mmoja kugusa swichi.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, nasikia kuku wa jirani. Nikatoka chumbani, nikafika sebuleni, na sebule ilikuwa giza.

Nikajua watu wa umeme wamekata tena. Nilianza kuwatukana kabla sijakaa. Lakini taa ya koridoni ilikuwa inawaka, na redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo. Umeme upo. Ni taa ya tangi peke yake iliyozimwa, swichi yake imebonyezwa chini vizuri, bila haraka. Na tangi limefunikwa.

"Asumini!"

Binti yangu akatoka na mswaki mdomoni.

"Wewe ndiye umezima hii taa?"

"Nizime mimi, baba? Mwaka mzima unanikataza hata kugusa waya wake."

"Na kanga je?"

"Kanga si unailalia wewe? Nitaitoaje chini ya kichwa chako, mimi ni mchawi?"

Nikarudi chumbani kutazama. Chini ya mto hapakuwa na kitu. Niliporudi Asumini alikuwa ameinama tangini, anahangaika na fundo la kanga. Akajaribu huku, akajaribu kule. Akautoa mswaki mdomoni.

"Baba," akasema polepole, "hili ni fundo la shoto."

Hakuna mwenye shoto katika nyumba yetu. Hakuna tena.

Hatukulikata. Tulikaa wawili sakafuni tukalifungua taratibu, mimi navuta huku yeye anavuta kule, tunacheka na kufuta macho, mpaka likalegea. Tukainua pembe moja ya kanga. Majani ya mrehani yalikuwa yametulia kwenye kopo, kama mtu aliyenawa mikono. Ndani ya maji, kati ya mawe, kulikuwa na samaki wadogo kama punje za mtama, kila punje ina macho, wanajifunza kuogelea gizani. Na Bi Kombo alikuwa mbele ya mawe, anakula.

"Alhamdulillahi," akasema Asumini. "Mama angeona."

Nikasema ahsante. Niliisema kwa sauti, kwa taa, kwa samaki, kwa mwenye kanga, hata kwa Alhamisi mwenyewe huko aliko. Mwenyekiti wa mtaa sikumtaja, yeye nitakutana naye.

Kisha nikapiga magoti, nikasogeza uso kwenye kioo, hapo ambapo utando wa kijani haujafika. Bi Kombo akaja karibu. Mashavu yake yamelala, mdomo anaufungua na kuufunga, ni mtupu.

"Bi Kombo," nikamwambia, "usiku kucha ulikuwa hapa, na kope huna. Sasa mdomo hauna kitu, huna kisingizio. Niambie: nani kazima taa?"