Kopo la Bi Somoe

"Ning'iniza tena, mwanangu, usije ukaniandika mwizi," Bi Somoe alisema, akifuta mikono kwenye kanga iliyokwisha kuwa nyeusi.

Nikodemu akatundika kopo la mkaa kwenye mizani ya ndoano. Gramu mia nane na thelathini. Mwezi mzima alikuwa amewapitia kwa miguu wauza mkaa arobaini wa Tandika, na kila kibanda jibu lilikuwa hilo hilo. Miaka mitatu nyuma kopo lilibeba kilo moja na robo.

"Mie siibi," bibi akaendelea. "Gunia limepanda. Nikipandisha bei ya kopo, wateja wananikimbia. Basi nimeligonga kitako kikaingia ndani. Bei ile ile, ila aliyekuwa akinunua mawili sasa ananunua matatu. Naye anajua. Tunatazamana tu."

"Nimekuelewa, bibi."

"Ukifika huko Ulaya usitusahau na moshi wetu."

Mwaka ule bwawa la Mtera lilikuwa limeshuka na umeme unagawiwa kwa zamu. Chuoni, Nikodemu na wenzake wa mwaka wa mwisho walikuwa wakipiga hesabu za nishati: mvua zikizidi kupungua, watu wa Dar watapikia nini mwaka 2020? Unaiingizia kompyuta idadi ya watu, maji ya mabwawa, mafuta ya taa, mkaa, nayo inakuchorea miaka ijayo. Kazi zilizobaki mbele ya jopo la chuo na wizara zilikuwa mbili. Nafasi ya kwenda kusoma Uswidi ilikuwa moja.

Kazi ya pili ilikuwa ya Talha, kijana wa Msasani. Kwao kulikuwa na jenereta, kompyuta na mashine ya kuchapia. Nikodemu alikuwa akiomba saa moja kwenye kompyuta ya idara, na umeme ukikatika dakika ya arobaini, basi tena. Laiti Talha angekuwa na roho mbaya, pengine ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa mtu wa watu. Kijicho kikishamkaa mtu, hata shati la mwenzake humtukana, na la Talha lilifika chuoni bila tone la jasho.

Siku moja kabla ya jopo kukaa, Talha alimfuata kantini. "Braza, wewe ndiye mtu wa mkaa. Kopo bado kilo moja na robo, siyo?"

Nikodemu akamega chapati. "Andika hiyo hiyo."

Alikwisha kupanga. Talha angetangulia na uzito wake wa zamani, kisha yeye angefuata na daftari lake, watu waone nani anaijua Dar na nani anaisikia.

Kesho yake saa nne jopo likakaa. Talha akagawa karatasi zilizochapwa kwao. Kila nyumba ilikuwa ikitumia makopo mawili ya kilo moja na robo, sasa matatu. Kwa hiyo mkaa umeongezeka nusu nzima, na kufika 2020 misitu ya Pwani imekwisha. Bwana mmoja wa wizara akaguna. "Wananchi wanafuja. Tupendekeze ushuru wa mkaa."

Nikodemu akainuka, akicheka moyoni.

"Nakala zako?" akauliza Dokta Mwishehe, mwenyekiti wa jopo.

"Zimo kwenye kompyuta ya idara, Dokta. Leo ni zamu yetu ya giza."

"Utaratibu unataka nakala iliyochapwa."

"Naweza kuandika ubaoni."

"Keti, kijana."

Ilipofika saa sita, nafasi ilikuwa ya Talha, na ushuru umo kwenye mapendekezo. Nikodemu akawawahi Talha na Dokta mlangoni, akafungua daftari, akaeleza kitako cha kopo.

"Matatu ya leo ni kilo mbili na nusu. Mawili ya zamani ni kilo mbili na nusu. Hakuna aliyefuja. Mtawatoza watu kwa moto ambao hawakuuwasha."

Talha akalipokea daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. "Ni kweli, Dokta," akasema taratibu. Kisha akamgeukia mwenzake. "Lakini si jana nilikuuliza?"

Dokta akavua miwani. "Uliulizwa?"

"Niliulizwa."

"Ukajibu nini?"

"Nilimwambia aandike hiyo hiyo."

"Basi ripoti inakwenda kama ilivyo. Nafasi umeikosa, sasa unataka kumharibia mwenzio. Huo ni wivu, kijana."

Talha akamrudishia daftari. Nikodemu akalitia kwapani. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini wivu kweli alikuwa nao.