Ua Wetu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga wa kujipeleka mwenyewe. Kazi yangu ni kuchora vibao, na watu wananiita Brashi. Ukiona duka lenye herufi zilizonyooka, ujue nimepita hapo. Ukiona herufi zimebanana mwishoni kama watu kwenye benchi fupi, hapo pia nimepita.

Kamati ya maktaba ilinipa kazi ya kuandika tangazo la mashindano ya picha za maua. Nikaanza kwa madaha, MASHINDANO YA UCHORAJI, na nilipofika kwenye mada ubao ukawa umeniishia. Palibaki nafasi ya herufi mbili. Nikaandika UA, nikaondoka nikipiga mluzi. Baadaye wakanifanya na jaji, nadhani kwa sababu nilikuwa na koti.

Majaji tulikuwa watatu: mimi, mama muuza maua, na mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Picha zilitundikwa ukutani kwa namba, majina ya wachoraji yakafungwa kwenye bahasha ili tusipendelee. Tukapita mawaridi, tukapita alizeti kubwa kama sinia, mpaka namba kumi na tisa. Kabla hata sijaitazama picha nilisoma karatasi iliyobandikwa chini yake: "Ua Wetu". Nikacheka kwa sauti. Nikawaambia wenzangu huyu ngeli zimempiga chenga, ua ni letu, wetu ni mtoto; arudishwe darasa la tatu.

Mwalimu hakucheka. "Baba, inua macho kwanza," aliniambia.

Nikainua. Ulikuwa ua wa nyumba: ukuta, kamba ya kuanikia, ndoo, bomba. Mchoraji aliandika sawasawa, asiyejua kusoma nilikuwa mimi. Nikawa natafuta utani mwingine wa kuzibia aibu, na hapo nikaliona lile bomba vizuri. Shingoni lilifungwa mpira wa baiskeli, mafundo mawili, la pili limepinda kushoto. Mafundo yale niliyafunga kwa mikono yangu.

Nilitoka katika nyumba ile miaka sita iliyopita. Nilimwambia mama watoto nafuata kazi mji wa mbali, na kazi niliipata kweli, ila nilipata na mengine ambayo sikuyaandika kwenye barua. Mengine hayo yaliponitupa nje na sanduku langu, nilirudi nikapanga chumba kimoja ambacho mlango wake unafungukia barabarani. Hakina ua. Nguo zangu zinakauka juu ya kiti. Mara mbili kwa wiki nazunguka njia ndefu ili nipite nyuma ya ukuta ule. Nasikia ndoo ikijaa, namsikia akikung'uta shuka kabla ya kulianika, mara tatu, ya mwisho kwa nguvu; kisha naendelea kutembea kama mtu mwenye shughuli zake. Sasa shuka lenyewe lilikuwa mbele ya macho yangu, maji yanadondoka kwenye pindo, jua la saa nne limelala sakafuni. Nilitamani kuvua viatu nikanyage saruji ile ingali na unyevu.

Nilipaswa kusema namjua mchoraji. Nikanyamaza. Moyoni nilishajisomea barua yangu: amechora ua wetu, ameandika "wetu", ameuleta mahali ambapo kila mtu anajua jaji ni mimi. Alitakiwa afanye nini tena, aniimbie?

Muuza maua alisema picha ile haina ua hata moja, itolewe. Nikamwonyesha shuka, lina maua, ayahesabu. Akasema kwa mtindo huo hata gauni lake lingeshinda. Nikamwambia tangazo lilisema UA, halikusema lipi wala upi. Akauliza ni nani aliyeandika tangazo la ajabu namna ile, nami nikatazama dari. Aliyetuamua ni mwalimu. Alisema picha nyingine zilichorwa na watu wanaotaka kusifiwa, hii ilichorwa na mtu anayepajua mahali. Tukashinda kura mbili kwa moja.

Bahasha ikafunguliwa, jina likawa lake. Akaja mbele kuchukua boksi la rangi. Mkono wangu aliushika kwa muda uleule aliowashika wenzangu, wala hakuzidisha.

Nikamfuata mpaka nje, kwenye ngazi. Nikamwambia nimeelewa, na kwamba hata leo jioni naweza kuleta sanduku langu, ni moja tu. Akasema sikuelewa kitu. Aliona kibao kimeandikwa ua, akachora ua. Nikambana: na hilo "wetu" je? Akanijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba ni wake na wanawe waliobeba ndoo miaka yote hiyo.

Sikukubali. Mimi nimeshabishana na wenye maduka juu ya herufi moja mpaka wakanipa kiti.

"Mama watoto, usinifiche," nikamwambia. "Umechora mpaka nyufa za sakafu. Mtu hachori hivi kama hana anayemkumbuka."

Akaihamishia picha kwenye kwapa la pili.

"Nilikaa mlangoni nikachora kilichokuwa mbele yangu," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia, baba watoto. Anayekumbuka ni wewe."